Ufunguo Ulioshonewa Kitambaani

Kabla hujamwona, ulimsikia. Funguo zake, zilizotungwa kwenye ukanda wa ngozi ya ng'ombe, zililia kiunoni mwake kila alipopiga hatua, na sisi wapangaji wake tulijua kwa mlio huo kama amekasirika, amechoka au anakwenda misa. Tulimwita Bailleur, neno la Kifaransa ambalo watu waliotoka Kongo hulitumia kwa mwenye nyumba, na kwa heshima ya mvi zake tukaongeza Mzee mbele. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu, kanisani, na sitaliandika hapa. Ukoo wake nao nitauacha. Mimi nilimjua kama mtu wa milango, na ni mlango mmoja uliotugombanisha, kisha ukatupatanisha.

Niliingia katika ua wake mwezi wa Februari mwaka 1997. Nilikuwa nimerudi Rwanda kutoka Karagwe, upande wa Tanzania, nikiwa mjane, nikiwa na cherehani, picha ya mume wangu katika fremu, na cheti cha darasa la saba nilichokipata nikiwa na umri wa miaka thelathini na sita. Cheti hicho nakitaja kwa makusudi. Mtu aliyesoma akiwa mtoto hukisahau sandukuni. Mimi nilikitundika ukutani, karibu na picha ya marehemu, ili wote wawili wanitazame nikishona.

Ua wenyewe ulikuwa chini kidogo ya Nengo, mjini Gisenyi. Mbele ilisimama nyumba ya Mzee yenye baraza pana la saruji. Nyuma, safu ya nyumba ndogo za vyumba viwili viwili zikitazama mparachichi mmoja mkubwa. Vyumba vya kupanga vilikuwa adimu sana Gisenyi miaka ile. Waliorudi kutoka Masisi, Goma, Uganda na Tanzania walikuwa wote wanatafuta paa, na mtu aliyepata mlango unaofungika alimshukuru Mungu kwanza, maswali akayaacha kwa baadaye. Nami nilifanya hivyo. Sikumwuliza Mzee kwa nini, aliponikabidhi ufunguo wa nyumba yangu, alibaki na mwingine kama huo kwenye ukanda wake.

Alikuwa na mikono ya kutengeneza. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mpangaji yeyote wa zamani atakuambia. Bati likivuja Jumatatu, Jumanne yuko juu ya paa, mzee wa miaka sabini na kitu, akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti mbaya na kugonga misumari kwa kuufuata. Bawaba hazikulia katika ua ule. Aliweza kupita mbele ya mlango, asimame, auguse kwa vidole viwili na kusema, "Donc, hii imechoka," na kweli wiki ile ile skrubu ingetoka. Kila sentensi yake ilianza na hiyo donc, yaani 'kwa hiyo' ya Kifaransa, hata ile ya kuamkia watu. "Donc, mama, umelala muzuri?" Kana kwamba alikuwa ameshazungumza nawe usiku kucha na sasa anafikia hitimisho.

Kiswahili changu kilimchekesha. "Mama wa radio," aliniita. "Sema tena, 'tafadhali naomba'. Sema, mi nisikie!" Nami nilimjibu kwamba Kiswahili chake kimevuka mpaka bila karatasi. Alicheka hadi akashika nguzo ya baraza.

Na alikuwa mkarimu. Hilo lazima nilitangulize kabla ya yale mengine. Mparachichi ulipozaa, hakuuza tunda hata moja. Alituletea.

Tatizo ni namna alivyotuletea. Siku moja nilirudi kutoka sokoni, nikafungua kufuli yangu, nikaingia, na juu ya meza yangu nikakuta maparachichi manne yamepangwa vizuri juu ya kitambaa changu cha kushonea. Mlango ulikuwa umefungwa kama nilivyouacha. Nilisimama pale na kapu mkononi. Mtu anawezaje kukasirikia maparachichi? Niliyala. Lakini wiki iliyofuata nikakuta mguu wa kitanda uliokuwa ukiyumba umetiwa kabari ya mti. Mtu alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda changu. Kisha, mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, mvua zilipoanza, nikakuta picha ya mume wangu, ambayo daima iliinama kidogo kushoto, imenyooshwa.

Picha ile ilinichoma kuliko yote. Mimi niliiacha imeinama kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akiinamisha kichwa hivyo akisikiliza.

Nilimfuata barazani. "Mzee, umeingia kwangu."

"Donc?"

"Sikuwapo."

"Ndiyo maana niliingia na ufunguo. Ungekuwako ungenifungulia."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, na alikuwa akimenya muhogo. Nikamwambia kwamba nikilipia nyumba, mlango ni wangu hadi nitakapohama, na kwamba akitaka kuingia anijulishe siku moja kabla, kisha abishe hodi na asubiri. Aliacha kumenya.

"We mama, we unajua mutu gani mwenye anagonga mulango yake mwenyewe? Mi nilijenga. Kila tofali mi nilibeba. Nyumba iko yangu, inanijua."

"Inakujua wewe. Mimi haijaniuliza."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye muhogo wake. Kwake yeye mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Jirani yangu wa mlango wa pili, ambaye ua mzima ulimwita Mama Sambaza kwa sababu alileta sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kutoka Rubona na kuwavusha Goma kila siku, alinicheka nilipomweleza. "Yebaba we! We unalalamika juu ya parachichi? Mimi huwa ananikuta ndani nalala! Anaingia, anaangalia hivi, hivi," akageuza shingo kama kuku, "anatoka. Hasemi hata bonjour."

"Na wewe unakubali?"

"Nikikataa nitaenda wapi? Kulala kwa boti?"

Alisema kwa kucheka, lakini nilimwona jinsi alivyovuta kitenge mabegani. Aliingia, akaangalia, akatoka: ndivyo alivyofanya kwa wote, hasa saa za jioni baada ya kula, na hasa katika miezi ya mvua. Hakuna aliyepotelewa na kitu hata siku moja. Karani aliyekaa mlango wa mwisho alisema Mzee ni mwaminifu kuliko benki. Lakini mwaminifu wa aina gani anakukuta mguu mmoja ndani ya beseni?

Maana hilo ndilo lililonipata. Ilikuwa Mei mwaka 1998, Jumanne, jioni ya baridi na mvua. Bafu la uani lilikuwa limejaa maji, hivyo nikawa najisugua miguu chumbani, nimefunga khanga moja tu kifuani. Funguo zikalia, mlango ukafunguka, na Mzee akawa amesimama mbele yangu na tochi. Alitazama pembe za chumba, akatazama chini ya meza, akanitazama mimi kama anavyotazama bawaba, akasema, "Bon," akafunga.

Sikupiga kelele. Mimi si mtu wa kupiga kelele. Asubuhi nilikwenda sokoni, nikanunua kufuli mpya ya shaba, nzito, nikang'oa ile ya zamani na kuiweka barazani kwake, kwenye kiti chake, ufunguo wake ukiwa ndani.

Hapo ndipo nilipomjua akiwa na hasira. Hakuja na wimbo wala donc. Alikuja hadi mlangoni pangu, akaishika kufuli ile kama mtu anayepima embe.

"Unafunga nyumba yangu na kadena yako?"

"Nafunga vitu vyangu, Mzee. Nyumba haiendi popote."

"Bon. Mwezi ikiisha, utoke. Utafute mwenye nyumba mwenye anaogopa mulango yake."

Naomba msomaji aelewe maana ya maneno hayo katika mwaka ule. Wateja wangu wa kushona walikuwa wa mtaa ule. Pesa ya kuanzia mahali pengine sikuwa nayo, na mwanamke asiye na mume, aliyekuwa akitafuta nyumba peke yake, aliulizwa maswali ambayo mwanamume hakuulizwa. Wakati ule, katika eneo letu, kwa hofu ya waasi, watu walitaka kujua nani analala wapi. Mlango ule ulikuwa ndio kitu pekee duniani ambacho ningeweza kusema: hapa ndipo ninapoishi. Na sasa ningeupoteza kwa sababu nilitaka uwe mlango kweli.

Nilikwenda kwa nyumbakumi, mkuu wa nyumba kumi za mtaa wetu, mtu mwenye tumbo kubwa na subira kubwa zaidi. Alinisikiliza, akasema atakuja Jumapili baada ya misa, na kwamba nisifungashe kitu.

Alikuja kweli. Tulikaa chini ya mparachichi, kila mtu na kiti alichotoka nacho ndani. Nyumbakumi alianza kwa kusema kwamba mwenye nyumba ana haki ya kuona mali yake haiharibiwi, na kwamba mpangaji ana haki ya kukaa kwa amani, na kwamba haki hizo mbili hazipaswi kukutana mtu akiwa kwenye beseni. Mama Sambaza alicheka peke yake, akajifunika mdomo.

"Mzee," nikamwambia, "nijibu mbele ya watu hawa. Hujawahi kuiba. Hujawahi kunigusa. Hata kunitazama hunitazami. Unatafuta nini ndani kwangu?"

Alikuwa amevua funguo kiunoni na kuziweka magotini, na vidole vyake vilikuwa vinazipitia moja baada ya moja, kama rozari.

"Mbabula," akasema.

Mbabula ni jiko la makaa. Gisenyi ina baridi ya ziwa na ya milima kwa pamoja, na usiku wa mvua watu huingiza jiko ndani, makaa yakiwa bado mekundu, wafunge mlango na dirisha, walale kwenye joto. Sote tulifanya hivyo. Nyumbakumi mwenyewe alitazama viatu vyake.

"Huko Goma," Mzee akasema, "mi nilikuwa na nyumba ndogo kwa nyuma, kama hizi. Kulikuwa bwana na bibi yake, watu wapole. Walikuwa wamefunga muzuri, mulango yangu ilikuwa nguvu, hata upepo haipiti. Asubuhi nikagonga. Nikagonga, nikasema, bado wanalala, niwaache. Niliwaheshimu. Nikarudi saa ya kula, nikagonga tena." Vidole vyake vikasimama kwenye ufunguo mmoja. "Hewa ya mbabula ilikuwa imewaua. Mi ndio nilitengeneza ile mulango. Mi ndio nilisema hakuna upepo itapita."

Mama Sambaza hakucheka tena.

"Sasa we unasema nikuambie siku mbele," akaniambia, na kwa mara ya kwanza alinitazama usoni. "Nikikuambia kesho nitakuja, kesho mbabula itakuwa inje. Mi natafuta mbabula ya leo."

Nitasema kweli: moyo wangu ulilainika, na wakati huo huo nilijua kwamba moyo laini si sababu ya kumrudishia ufunguo. Alikuwa na huzuni ya kweli na hofu ya kweli, na bado kilikuwa chumba changu, na nilikuwa nimesimama ndani yake na khanga moja. Hayo mawili yalikuwa kweli kwa pamoja. Elimu niliyoipata ukubwani ilinifundisha angalau hilo, kwamba hesabu inaweza kuwa na sehemu mbili na zote zikawa sahihi.

"Mzee," nikasema, "baraza lako lina paa?"

"Mi ndio nilipiga."

"Basi majiko yetu yalale kwako. Kila nyumba, tukimaliza kupika, tuyalete barazani. Utayaona yote ukiwa umekaa kwenye kiti chako. Likikosekana la mtu, njoo ubishe mlangoni kwake, upige kelele ukitaka, uite ua mzima. Lakini chakula kikiwa kimeliwa na jiko langu likiwa mbele ya macho yako, huna la kutafuta kwangu."

Nyumbakumi alipiga paja lake. Karani akasema hilo ni jambo la busara. Mzee akafikiri, na niliona anafikiri kama fundi alivyo: anapima mahali pa kuweka vitu.

"Na bati likivuja?"

"Unaniambia siku moja kabla. Nisipokuwapo, unasubiri niwepo."

"Na moto ikiwaka? We iko Rubona, kadena yako iko hapa, nyumba yangu inaungua?"

Hapo alikuwa na haki. Niliingia ndani, nikachukua ufunguo wa pili wa kufuli yangu, nikaukunja katika kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye gauni la arusi, nikaushona pande zote mbele yao kwa uzi mwekundu, mshono ule wangu mdogo wa kurudi nyuma ambao hakuna fundi mwingine mtaani aliyeuweza. Nikaukabidhi.

"Moto ukiwaka, chana. Maji yakifurika, chana. Nikiwa nimelala siitiki, chana haraka. Lakini ukichana kwa parachichi, nitaona."

Aliugeuza ule mfuko mikononi, akausogeza karibu na macho, akapitisha ukucha juu ya uzi. "Donc," akasema polepole, "hii kazi iko muzuri." Kisha akaniambia nisihame. Hakuomba radhi, hakuwa mtu wa hayo. Lakini kesho yake asubuhi maparachichi matatu yalikuwa nje, kwenye kizingiti, juu ya jani la mgomba.

Tangu wiki ile ua wetu ukawa na desturi ambayo sijaiona mahali pengine. Kila jioni, baada ya chakula, wanawake na karani walivuka ua wakibeba majiko yao kwa vitambaa, wakayapanga barazani kwa Mzee, nasi tukajikuta tunabaki pale, kwa sababu makaa yaliyokusanyika pamoja yana joto kuliko ya mtu mmoja. Mama Sambaza alileta habari za Goma. Karani alisoma gazeti la wiki iliyopita. Mzee alikaa kwenye kiti chake akihesabu kwa macho, na kama moja limekosekana, angeinuka, funguo zikilia, na tungemsikia kule gizani: ngo, ngo, ngo. "Nani?" "Ni mimi. Mbabula yako iko wapi?" Halafu kimya. Alikuwa anasubiri. Nilikuwa nikisikiliza kimya kile kwa makini kuliko jambo lolote. Kilikuwa kigumu kwake. Mguu wake ulikuwa ukigonga saruji. Lakini alisubiri.

Mmoja mmoja, wengine nao wakabadilisha kufuli na kuniletea funguo zao nizishone. Kufikia Krismasi ya mwaka 1998 ukanda wa ngozi ulikuwa umebaki na ufunguo wa nyumba yake tu na wa geti. Vifuko vya kitambaa vilining'inia kwenye msumari sebuleni mwake, kila kimoja na rangi yake. Funguo hazikulia tena akitembea. Ilibidi tujifunze kumsikiliza kwa kikohozi.

Nilihama Desemba mwaka 1999, kwenda kwenye kiwanja changu mwenyewe njia ya Nyundo. Nilichukua kufuli yangu ya shaba. Nilipomdai kifuko changu, alisema amekisahau alikokiweka. Nikajua anadanganya, kwa sababu alitazama paa.

Nilimwona tena Agosti mwaka 2004. Alikuwa amezeeka hasa, miguu haimbebi, na binti yake alikuwa amemchukua kukaa naye mjini, katika nyumba nzuri yenye vigae. Mjukuu wake, msichana mkubwa mwenye simu mkononi, alinipeleka hadi kwenye chumba cha nyuma. Mlango ulikuwa wazi. Nilipokuwa nimesimama pale, mtoto mdogo aliingia akachukua ndoo, mtumishi akaingia akaweka nguo zilizopigwa pasi juu ya miguu ya Mzee, akatoka, na hakuna aliyesema neno. Yeye alikuwa amelala, ameelekea ukutani.

Niligonga fremu ya mlango. "Hodi."

"Ingia tu, mama," msichana akasema. "Hasikii vizuri, na hana shida."

Sikuingia. Nilirudia hodi, nikasubiri. Msichana alinitazama, akaitazama simu yake, akanitazama tena. Ndani, taratibu, mzee alianza kusogea. Alikaa. Akatafuta kofia yake, akaivaa. Akafunga vifungo vya sweta, kila kimoja, wala hakuharakisha. Nilielewa kwamba amenisikia tangu hodi ya kwanza, na kwamba ananisubirisha kwa kusudi, na kwamba anafurahi.

"Donc," akasema mwishowe. "Karibu, mama wa radio."

Tulizungumza hadi chai ikapoa. Aliniuliza kama nimejenga. Nikamwambia nimejenga, na nyuma nimeweka nyumba ndogo ambayo mwalimu mmoja kijana ameipanga.

"Unaingia kwake?"

"Nabisha, Mzee. Namwambia siku moja kabla."

"Na mbabula?"

"Inalala kwenye baraza langu."

Alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaingiza mkono chini ya mto akatoa kifuko kidogo cha kitambaa cha arusi, kilichopauka, kimekuwa laini kwa kushikwashikwa. Uzi mwekundu ulikuwa mzima. Nilipitisha ukucha juu yake, mshono kwa mshono.

"Ulisema kimepotea."

"Nilikuwa naonyesha wapangaji wapya," akasema bila haya. "Mutu akija kuuliza nyumba, namuonyesha: tazama, mi ni bailleur wa aina hii. Hakuna mwingine Gisenyi yote." Akakisukuma kuelekea kwangu. "Kadena iko wapi?"

"Iko mlangoni kwa mwalimu."

"Basi peleka. Iko yake."

Nikakitia mkobani. Niliposimama kuondoka, nikiwa nimeshafika kizingitini, aliniita, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayeomba.

"Mama. Mulango."

Nikauvuta. Ulikuwa mlango mzuri, wa mbao nzito, na bawaba zake zililia kwa kutotumika. Nilihakikisha dirisha la juu liko wazi, na kwamba hakuna jiko ndani, kwa sababu hayo ndiyo angeyatazama yeye. Kisha nikaufunga kwa nje, taratibu, hadi kitasa kikaingia.

Msichana alikuwa amesimama kwenye korido na kikombe cha uji. Alinyoosha mkono kushika kitasa kama alivyozoea, akanitazama, akasita. Nilikuwa nimefika getini niliposikia nyuma yangu: ngo, ngo. Kisha kimya, kimya kirefu kama cha vifungo vya sweta, na baada yake, kwa nguvu kuliko nilivyotarajia, "Donc! Nani?"